Mama Agnes Alivyokufa Tunduma

Habari ya kifo cha Maureen Tolleby ilinikuta zamu ya mchana, nakula ndizi na maharage kwenye chumba cha wauguzi. Ukurasa wa mashabiki wake mtandaoni, ambao nimekuwa nikiufuatilia kimyakimya kwa miaka, ulikuwa umeweka picha yake ya uzeeni, amevaa sweta ya kijani na miwani mikubwa, na chini yake watu wamejaza pole kwa Kiingereza. Nikaweka kijiko chini. Mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa, nikasema ndiyo. Akauliza ni nani. Yule mama sikuwahi kukutana naye hata siku moja. Hakunijua, na kama angeambiwa kwamba kuna binti wa Mbozi aliyewahi kumsemea mwaka mzima ndani ya stoo moja ya Tunduma, sijui angecheka au angeita polisi. Mwishowe nikamwambia mwenzangu, "Ni mtu niliyewahi kufanya naye kazi." Sikuwa nimedanganya.

Walioandika pale walieleza maisha yake kwa kirefu, na mimi nilisoma yote huku chai inapoa. Alizaliwa kwenye mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, akauza viatu dukani, akaigiza michezo midogo kwenye ukumbi wa kanisa, hadi televisheni ilipomwita acheze nafasi ya majuma machache tu kwenye tamthilia: mwanamke mwenye mgahawa wa chai pembeni ya stesheni ya treni, mkali, mwenye huruma ya kificho, jina lake Agnes. Yale majuma machache yakawa maisha. Aliingia kwenye ule mgahawa akiwa msichana wa kiuno chembamba, akatoka akiwa bibi mwenye mkongojo. Dukani walimwita Agnes. Kanisani walimwita Agnes. Mtu mmoja alikumbuka jinsi muuza samaki alivyogoma kumuuzia, kwa sababu wiki ile kwenye tamthilia Agnes alikuwa amemfukuza mkwewe. Hapo nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, hata sijui nilimkasirikia nani. Mimi nilikuwa Agnes kwa mwaka mmoja tu na nusura uninyonge.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo nyumbani Mlowo kule Mbozi, Baba Mdogo alipokuja kunichukua. "Nipeni huyu binti anisaidie kazi kidogo wakati anasubiri," alisema, na hakuna aliyeona ubaya, maana yeye alikuwa mtu wa mjini na mimi nilikuwa nimekaa tu. Tunduma walimwita Injinia. Aliwahi kufanya kazi ya reli upande wa Zambia, akajua Kiingereza na akajua nyaya, na vitu hivyo viwili vikampa kibanda cha video mtaa wa Sogea, cha mbao na turubai, mabenchi ndani na spika mbili mlangoni. Miaka ile filamu za nje zilikuwa zinasemewa kwa Kiswahili na mwanamume mmoja ambaye alikuwa jambazi, polisi, mke wa jambazi na mtoto wa polisi kwa koo lile lile. Baba Mdogo aliona hapo pana upungufu. "Mwanamke akilia kwa sauti ya dume," alinieleza njiani, tukiwa juu ya Fuso la mahindi, "nani atalia naye?" Nilidhani anapiga soga. Kumbe ndiyo kazi aliyonichukulia.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo nyuma ya nyumba. Nakikumbuka kuliko chumba chochote nilicholala maishani mwangu. Kuta zote zilikuwa zimetundikwa magunia ya kahawa, mawili mawili, na dirisha limezibwa kwa godoro la zamani, kwa sababu foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka ilipita karibu na honi hazikuwa na mapumziko. Ndani mlikuwa na deki tatu za video, televisheni, mitambo ya Baba Mdogo yenye vitufe vingi kuliko kazi yake, kipaza sauti kimoja kilichoning'inizwa kwenye msumari, na viti viwili. Hewa hakuna. Harufu ya magunia ilikuwa nzito kiasi kwamba mpaka leo nikipita penye ghala la kahawa koo linanikauka. Mlango ulifungwa kwa kufuli, na kufuli liliwekwa nje. Sababu ilikuwa ya kikazi kabisa: mkanda mmoja ulikuwa unacheza, miwili mingine inarekodi picha pamoja na sauti zetu, mmoja wa kibanda chetu na mmoja wa vibanda vya miji mingine, na ikianza haisimami. Mtu akifungua mlango katikati, au mtoto akilia, mkanda mzima unaanza upya. Kwa hiyo Mama Mdogo alikuwa akitufungia kwa nje, anafunga ufunguo kwenye ncha ya kitenge chake, anaendelea na shughuli zake mpaka Baba Mdogo agonge.

Kazi ilikuwa na amri moja. Baba Mdogo alikuwa akiutazama mkanda kwanza, ananisimulia kilichomo, vingine alivyosikia na vingine alivyotunga, kisha tunarekodi bila karatasi. Yeye wanaume wote, mimi wanawake wote. Na amri ilikuwa hii: "Mdomo ukifunguka, sema." Hata kama umesahau, hata kama hujui yule mtu anasema nini, mdomo wa kwenye televisheni ukifunguka sharti litoke neno, kwa sababu watazamaji wanavumilia uongo lakini hawavumilii mdomo mtupu. Alilisema hilo kwa ukali kama mwalimu wa zamu. Yeye mwenyewe hakuwahi kulivunja. Nimemwona amebanwa na kikohozi, machozi yanamtoka, na bado mchungaji wa kwenye televisheni akafungua mdomo na Baba Mdogo akasema, "Bwana asifiwe."

Mikanda ya tamthilia ilitoka Zambia. Aliyeileta alikuwa mzee mmoja mpole, BashiChanda, yaani baba yake Chanda, kama Wabemba wanavyomwita mtu kwa heshima. Alikuwa mpishi kwenye nyumba za Wazungu wa migodini, na wale Wazungu walikuwa wakitumiwa na ndugu zao mikanda ya tamthilia ya kwao, katoni kwa katoni, ili wasiugue kwa upweke. Wakiondoka wanaiacha. BashiChanda alikuwa akivuka kutoka Nakonde na katoni kwenye baiskeli, anasimama uani na kusalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," na Mama Mdogo anamwekea ugali na dagaa wa kapenta. Katoni la kwanza ndimo alimokuwa Mama Agnes. Baba Mdogo alitaka kuutupa ule mkanda, maana hamkuwa na bunduki hata moja, wanawake tu wanamimina chai na kugombana. Mama Mdogo, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema, "Hao ni sisi pale stendi." Tukaujaribu. Wiki ile ile wanawake wa sokoni, ambao hawakuwahi kukanyaga kibandani, walijaza mabenchi wakati wa mchana, wakiwa na madishi yao ya mchele na vikapu vya nyanya mapajani.

Mimi sikujua kumuigiza Mwingereza. Nilimsemea Mama Agnes kama mama yangu anavyowasema watu wa Mlowo, kwa Kiswahili cha mtu wa Kinyiha, kile cha kuvuta maneno ya mwisho na kupandisha sauti pale ambapo watu wa pwani wanashusha. Baba Mdogo alitaka nirekebishe. Hatukuwahi kurekebisha, kwa sababu watu walishaelewa kwa namna yao. Walisema yule Mzungu anaongea mwenyewe. Na kwa kuwa anaongea vile, basi amelelewa Mbozi, bila shaka misheni, mtoto wa wale wamisionari wa zamani, amenyonyeshwa na yaya wa Kinyiha. Mama Tabu, muuza mchele aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya kila kitu pale sokoni, alisema hata anawajua waliomlea. Baba Mdogo alipoulizwa alikohoa kidogo akasema, "Eeh, ni mtu wa huku. Huwa ananiuliza habari za nyumbani." Nilikuwa nyuma ya ukuta, nikamsikia kwa masikio yangu. Alisema kwa ajili ya biashara, kama watu wanavyosema nyanya zote zimechumwa leo. Lakini kuanzia siku hiyo kulikuwa na siri ya kulindwa, na siri yenyewe ilikuwa mimi.

Nikakatazwa kwaya. Sauti yangu ingejulikana. Nikakatazwa kwenda sokoni, na nikienda dukani ninunue kwa kuonyesha kidole, nisiseme zaidi ya shikamoo. Nikakatazwa pilipili, maji baridi na kuimba nikiosha vyombo. Mama Mdogo alikuwa akinipikia chai ya tangawizi asubuhi na jioni, na nyama ikiwepo kipande kizuri kilikuja kwangu, mpaka nikaona aibu mbele ya watoto wake. Nilikuwa kuku wa mtu anayesubiri sikukuu. Mchana, tukishamaliza kurekodi, nilikaa uani nyuma ya ukuta wa kibanda nikichambua maharage na kuwasikiliza wanawake wakitoka. "Mama Agnes kanena leo." "Yule mwanamke ana moyo, mwenzangu, mimi ningeshamwagia yule mkwe chai ya moto." "Unajua kwa nini haolewi tena? Anaogopa." Walimpenda kuliko watu wao wengi. Mimi nilikuwa pale, upande wa pili wa ubao, na hakuna aliyejua kwamba nipo. Nilikuwa na miaka ya kucheka na wenzangu barabarani na nilikuwa sina mwenzangu. Niseme wazi: nilimchukia. Nilichukia zile nywele zake za kahawia, ile aproni, na ile tabia yake ya kufuta kaunta kila anapotaka kusema neno la maana.

Siku nisiyoisahau ni ile Baba Mdogo alipotoka kidogo kwenda kutafuta nyaya, akaniacha ndani nijizoeze, na Mama Mdogo akafunga kufuli kwa mazoea, akaenda zake Nakonde kununua sukari na ufunguo kwenye kitenge. Umeme ukakatika. Ndani mkawa giza tupu, saa sita mchana. Nikasubiri. Joto likapanda, yale magunia yakaanza kunikaribia, au niliona hivyo. Nikagonga mlango. Nikapiga kelele, "Nifungulieni! Jamani, nifungulieni, nakosa hewa!" Nikasikia miguu uani, nikasikia sauti za wanawake, nikashukuru Mungu. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote. Nje miguu ikasimama. Kisha mmoja akasema, "Ni yeye. Amefungiwa na yule mkwe." Mwingine akasema, "Kaeni chini basi, tusikilize." Walikaa. Niliwasikia wakivuta ndoo na kukalia. Kila nilivyolia ndivyo walivyosikitika, mmoja akawa anasema pole, pole mama, na hakuna aliyenyanyuka. Nilipoishiwa sauti wakangoja kidogo, wakaona sehemu ya leo imekwisha, wakaondoka. Mama Mdogo aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni nimeweka mdomo kwenye ufa wa chini ya mlango. Alinishika mkono akanipeleka bafuni, akanimwagia maji kichwani mwenyewe kama mtoto mdogo.

Matokeo yalikuja mazuri. Muda kidogo baadaye dereva wa gari la kahawa alisimama mlangoni na ujumbe wa mama yangu: nimechaguliwa chuo cha uuguzi, niripoti mwanzoni mwa mwezi unaofuata, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Nilitamani uuguzi tangu darasa la tano. Nikaenda kwa Baba Mdogo na furaha usoni, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikamweleza. Alifurahi kweli, sitamsingizia. Aliniombea hata baraka. Kisha akasema, "Utakwenda, mwanangu. Nani atakuzuia? Tamthilia ikiisha tu, utakwenda."

"Itaisha lini, baba?"

"Hii? Hii iko mwishoni. Huoni mambo yanavyojifunga?"

Nikamwamini. Kila mkanda nilitafuta dalili za mwisho. Yule mkwe akisamehewa, nikasema basi. Harusi ikifungwa, nikasema basi. Lakini harusi ilikuwa inafungwa asubuhi, na jioni bwana harusi ameonekana stesheni na mwanamke mwingine. Siku moja BashiChanda alileta katoni jipya, nikampelekea maji ya kunawa, nikamnong'oneza nikimuuliza kama hili ndilo la mwisho. Alinitazama kwa mshangao. Akasema alipoanza kazi kwa Mzungu wake wa kwanza, akiwa kijana asiye na ndevu, yule mke wa Mzungu alikuwa tayari anamtazama huyo mwanamke wa chai. "Iyi taipwa, mwana wandi," alisema, na kisha akarudia kwa Kiswahili ili nielewe vizuri. "Hii haiishi. Kwao kule inaendelea tu. Watu wanazaliwa, wanazeeka, yenyewe ipo." Akaanza kula ugali wake. Mimi nilibaki nimesimama na lile jagi. Nilielewa wakati ule kwamba Baba Mdogo alijua, na kwamba mimi nitazeekea kwenye magunia.

Kutoroka nilifikiria. Lakini binti wa kwetu hatoroki kwa baba yake mdogo na kwenda nyumbani kwa baba yake. Atarudishwa kesho yake na kuomba radhi juu. Nilihitaji aniache mwenyewe. Na zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya kuripoti.

Mkanda ulionitoa ulikuwa hivi. Mama Agnes ameanguka mgahawani, amepelekwa hospitali, amelala kitandani na mirija puani, hasemi. Baba Mdogo alinisimulia kwamba amepoteza fahamu lakini atapona, tuseme malaria imempanda kichwani. Tukafungiwa. Nje dereva wa kupeleka mikanda Vwawa na Mlowo alishaanza kupiga honi. Tukaanza. Sehemu ya mwisho, muuguzi anainama juu ya kitanda, anashika kiganja cha Mama Agnes, anamgeukia daktari na kufungua mdomo. Maneno niliyopewa yalikuwa, "Daktari, anapumua vizuri." Nikautazama ule uso uliofumba macho. Sikuona chuki tena. Nilimwona amechoka. Nikakaribia kipaza sauti nikasema taratibu, kwa sauti ya muuguzi, "Daktari, mama yetu ametutoka."

Baba Mdogo alinigeukia kama nimemchoma kisu. Lakini kwenye televisheni daktari naye alishainua kichwa, na mdomo wake ukafunguka. Nilimwona Baba Mdogo anavyopigana na nafsi yake kwa muda wa kupepesa jicho. Amri ikashinda. "Tumejitahidi," akasema kwa sauti nzito ya daktari, "lakini Mungu amempenda zaidi." Baada ya hapo hakukuwa na njia ya kurudi. Watu wa mgahawani walionekana wamekaa kimya, nje mvua ya kwao inanyesha, mmoja anafuta kaunta kwa kile kitambaa cha Mama Agnes, na kila mdomo uliofunguka ulilazimika kuomboleza. Baba Mdogo aliomboleza vizuri sana. Mkanda ulipoisha aliitoa mikanda kwenye deki akaiweka mezani, akanyanyua mkono anipige, kisha akaushusha, akasema tutarudia wote. Umeme ukakatika hapo hapo. Dereva akagonga mlango, Mama Mdogo akafungua, dereva akachukua mkanda juu ya meza akaondoka nao. Nakala iliyobaki ilionyeshwa kibandani mchana ule, umeme uliporudi, kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa na Baba Mdogo hakuwa na kingine cha kuwapa.

Alinieleza mpango wake wakati tunakula. Kesho Mama Agnes atazinduka, ilikuwa ndoto ya yule mkwe. Hapo ndipo tuliposikia vilio. Walikuwa wanakuja kwa njia ya sokoni, vitenge vimefungwa kiunoni, mikono kichwani, wanalia kama inavyoliliwa huku kwetu, kwa sauti inayotangulia watu. Mbele alikuwa Mama Tabu na sinia la unga. Nyuma yake wengine, huyu maharage, yule mzigo wa kuni, mwingine ndoo ya maji. Walikuja kwetu kwa sababu marehemu ni mtu wa Mbozi, hana ndugu wa karibu hapa, na Injinia ndiye mwenyeji wake, ambaye marehemu alikuwa akimuuliza habari za nyumbani. Wangepeleka wapi?

Baba Mdogo alisimama uani. "Mama zangu," akasema, "subirini kwanza. Mambo ya kwenye mikanda haya. Pengine wiki ijayo akaonekana mzima."

Mama Tabu aliacha kulia. Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Injinia, mtu tumeshamlia, wewe unasema ataonekana? Aonekane kama nani? Unataka kutufanyia uchawi hapa Sogea?"

"Hapana, mama, siyo hivyo."

"Basi msiba uko hapa au hauko hapa?"

Alikuwa na njia mbili tu, na nilimwona akizipima. Aseme kwamba hakuna mtu wa Mbozi, kwamba sauti ni ya binti wa kaka yake kwenye stoo, na awe mwongo mbele ya soko zima. Au akubali msiba. Hakupata nafasi ya kuchagua. Mama Mdogo, aliyejua kila kitu, aliyefunga na kufungua lile kufuli mwaka mzima, alipita katikati yetu, akapiga goti mbele ya Mama Tabu na kupokea lile sinia la unga kwa mikono miwili. "Karibuni," alisema. "Msiba uko hapa." Akafungua ncha ya kitenge chake, akafungua stoo, akaanza kuyashusha yale magunia ya kahawa ukutani moja baada ya jingine, ili waombolezaji wapate pa kukalia.

Nililia na wale wanawake. Nilipika nao, nikasonga ugali kwenye sufuria kubwa la jirani, na nikasema kwa sauti yangu kwa mara ya kwanza mbele ya watu, "Karibuni chakula." Mama Tabu alinigeukia. Alisikia, nina hakika alisikia. Alinishika bega akasema, "Pole, mwanangu. Umefiwa," akanawa mikono. Matanga yalipovunjwa Baba Mdogo mwenyewe alinisimamishia lori, hakunilaani na hakunibariki, akasema tu, "Nenda ukasome." Mitambo yake aliirudisha kwenye filamu za bunduki. Mtu aliyeliliwa pale hakuweza tena kuonyeshwa akimimina chai, na katoni zote za BashiChanda zilibaki chini ya kitanda mpaka panya wakazila.

Kuna jambo moja kwenye yale maandishi ya mtandaoni ambalo limenikosesha raha tangu siku ile. Waliandika kwamba Maureen Tolleby aliwahi kujaribu kuondoka. Alitaka kuigiza jukwaani, mambo mengine kabisa, awe mtu mwingine. Waliokuwa na tamthilia hawakutaka kumpoteza, wakamlaza Agnes hospitalini bila fahamu, wakamwambia nenda ukajaribu, kitanda chako kipo. Alijaribu. Watu waliokuja ukumbini walimwita Agnes kutoka vitini. Baada ya miezi akarudi, Agnes akafumbua macho, akafunga aproni, akafuta kaunta, mpaka uzee. Kile kitanda nilichomwona amelala kwenye mkanda, uso umefumba macho, ni cha siku alizokuwa anahangaika kutoka. Kwenye kitanda kile kile mimi nilimtoa Tunduma, kwao wakamrudisha ndani. Mimi nimekuwa muuguzi, nimezalisha watoto nisioweza kuwahesabu, nimeimba kwaya mpaka nimechosha watu. Yeye hakupata hata mmoja wa kupokea unga.

Jioni ya siku ile nilimpigia Mama Mdogo. Baba Mdogo tulishamzika. Yeye bado yupo Sogea, masikio ndiyo yanasumbua. Baada ya shikamoo na habari za miguu yake nikamwambia, "Mama, yule Mzungu wetu amefariki."

"Mzungu gani?"

"Mama Agnes."

Akacheka kidogo. "Lusia, mwanangu, wewe unazeeka kabla yangu. Si tulishamlia?"

"Tulimlia Agnes, mama. Aliyekufa sasa ni yule mwenyewe aliyekuwa anaigiza. Aliendelea kuwa Agnes kule kwao. Mpaka juzi."

"Alikuwa bado yumo?"

"Bado yumo."

"Miaka yote hii?"

"Yote, mama."

Nilisikia honi za malori nyuma yake, foleni ile ile, na pumzi yake ya mtu mzima. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayepapasa ncha ya kitenge chake, "Na hakuna aliyemfungulia?"